Rosetta alishika mbili, na hakuna iliyomponyoka

Nilikuwa na miaka 16 nilipopokonywa gitaa mbele ya kwaya nzima. Ilikuwa Alhamisi jioni, mazoezi ya sikukuu ya mavuno, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga solo kwa kuwa kaka aliyekuwa akilipiga alikwenda kusoma mjini. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu palikuwa na nafasi. Nikaijaza. Nilichomeka kipande kidogo cha sebene, sekunde kumi hivi, vidole vikatangulia kabla sijafikiri. Wenzangu wa sauti ya kwanza wakaanza kuyumba, na mpiga besi akatabasamu.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni. Alisubiri tumalize wimbo, akaja mpaka mbele, akaniambia, "Binti yangu, hicho ulichopiga ni cha baa. Hapa ni nyumbani kwa Mungu." Nikajibu, "Nimekosa, mzee." Mwalimu wa kwaya aliinamisha kichwa. Gitaa likafungiwa kabatini, nami nikarudishwa sauti ya pili mpaka Krismasi.

Yule mzee ameshatangulia mbele za haki na sina kinyongo naye. Alinionya kwa upendo, kwa kadiri alivyofundishwa. Lakini alichosema hakikuwa kweli, na imenichukua nusu ya maisha yangu kujua kwa nini. Aliyenifundisha ni Rosetta, mwanamke wa Marekani aliyefariki kabla sijazaliwa.

Nilimwona kwanza kwenye video fupi ambayo dada mmoja tuliyeimba naye alinitumia. Picha haina rangi. Ni stesheni ya treni isiyotumika tena, mvua imenyesha, sakafu ya jukwaa la abiria inang'aa maji. Mama wa makamo, mweusi, mnene wa kupendeza, amevaa koti zito na viatu vya kisigino, anateremka kwenye gari la kukokotwa na farasi huku ameshikwa mkono kama bibi harusi. Anavaa gitaa jeupe la umeme. Ng'ambo ya reli wamekaa vijana wa Kiingereza, wamejikunyata kwa baridi. Kwa kuwa mvua imenyesha, anawaanzishia wimbo wa gharika ya Nuhu.

Mtazame anavyofanya. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza, na gitaa linaitikia. Anaimba mwingine, gitaa linaitikia tena, safari hii kwa kuvuta waya mmoja mpaka ulie kama mtu. Aliyekulia kwenye mapambio hahitaji kuelezwa jambo hilo. Kiongozi anaanzisha, waumini wanapokea. Pale hakuwa na waumini nyuma yake, kwa hiyo waya sita zikafanya kazi ya waumini. Kuna wakati anaacha kuimba kabisa, anasogea mbele, anacharaza solo huku kichwa amekiinua juu kama anayemwonyesha mtu fulani mbinguni. Mzee wetu angesema ni mambo ya baa. Mimi niliona ibada, nikalia.

Huyo ni Sister Rosetta Tharpe. Siku ile ilikuwa tarehe 7 Mei 1964, mahali ni stesheni ya zamani ya Wilbraham Road, Manchester, na waliokuwa wakirekodi ni televisheni ya Granada. Alikuwa na miaka 49. Kufikia mwaka huo dunia nzima ilishaamini kwamba rock ni muziki uliozaliwa miaka kumi tu nyuma, na kwamba waliouzaa ni wavulana.

Nasema wazi ninachoamini: anayeianza historia ya rock pale Elvis Presley alipoingia studio ya Sun mjini Memphis mwaka 1954, au pale Chuck Berry alipotoa santuri yake ya kwanza mwaka 1955, ameianza hadithi katikati. Muziki ule ulikuwa umeshapigwa. Ulipigwa kanisani, na aliyeutoa nje akauweka kwenye gitaa la umeme mbele ya maelfu ya watu ni mwanamke mlokole.

Rosetta alizaliwa mwaka 1915 Cotton Plant, Arkansas, mji ambao hata jina lake ni pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti na mpigaji wa mandolini. Walikuwa wa Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Askofu Charles Harrison Mason, na hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana wengi hupapita mbio. Makanisa makubwa ya Wamarekani weusi ya mijini wakati ule yalipenda utulivu: kinanda, nyimbo za vitabu, watu kukaa wima. Watu wa Mason walifungua Zaburi ya 150 wakaisoma kama ilivyoandikwa, matari na kucheza, zeze na filimbi, matoazi yavumayo. Wakaingiza ngoma, gitaa, tarumbeta, kila chombo kilichopatikana. Walipiga makofi kwa mdundo unaoangukia pale ambapo mguu haukanyagi. Walikimbia kanisani. Katika ibada ya namna hiyo ndimo Rosetta alimojifunza gitaa, na akiwa bado mtoto mdogo alikuwa akisimamishwa mbele kuimba na kupiga. Walipohamia Chicago wakajiunga na Roberts Temple, ambako watu walikuja kumwona mtoto anayelicharaza gitaa kama mtu mzima.

Kwa hiyo ule mdundo haukuingia kanisani kwa kupenya dirishani kutoka baa. Ulikuwa umekaa ndani tangu mwanzo, na mlango wa mbele ndio ulioutumia kutokea.

Ulitokea mwaka 1938. Rosetta alikwenda New York, akapata kazi Cotton Club, klabu ya matajiri, akiimba nyimbo za Yesu katikati ya wacheza shoo na meza za pombe. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo alirekodi nyimbo nne kwa kampuni ya Decca. Mmoja uliitwa "Rock Me". Neno hilo kwa asili ni kubembeza, kama mama anavyombembeza mtoto kifuani. Mtunzi, Thomas A. Dorsey, aliandika sala ya mtu aliyechoka, anayeomba Mungu amfiche na kumtuliza. Rosetta aliuimba kwa sauti yenye furaha nyingi kiasi kwamba aliyekaa Cotton Club na glasi mkononi angeweza kusikia maana nyingine. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Desemba alipanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi wa heshima wa New York, na nyumbani Chicago watu wakaanza kusema amerudi nyuma.

Lakini mtazame huyo Dorsey mwenyewe. Leo anaitwa baba wa muziki wa injili, na anastahili. Kabla ya hapo aliitwa Georgia Tom, mpiga piano wa blues, muziki wa huzuni na mapenzi wa Wamarekani weusi, na mwaka 1928 yeye na Tampa Red walitoa wimbo wa utani wa chumbani uliouzwa mno. Mwaka 1932 mke wake alifariki akijifungua, na mtoto naye akafuata. Kutoka kwenye msiba huo ukatoka "Precious Lord", wimbo ambao nadhani hakuna kanisa la Wamarekani weusi lisiloujua. Ile mikono iliyopiga blues ndiyo iliyoandika ile sala. Hakubadilisha mikono alipookoka.

Mwaka 1944 Rosetta aliingia studio na mpiga piano Sammy Price, pamoja na besi na dramu. Wimbo ni "Strange Things Happening Every Day". Ninamwomba kila anayesoma hapa autafute leo usiku. Unaanza na gitaa peke yake, jepesi, lenye kucheka. Piano inaingia na boogie, mdundo unaobiringika mkono wa kushoto, dramu zinasukuma, naye anaimba kuhusu watu wa kanisani wanaosema wako kwenye njia takatifu huku mambo ya ajabu yanatokea kila siku. Gitaa la umeme, piano, besi, dramu, sauti inayochokoza, mwendo wa kukimbia. Hicho ni kikosi cha rock, miaka kumi kabla ya Elvis. Mwaka 1945 ulipanda mpaka nafasi ya 2 kwenye chati ya jarida la Billboard ya muziki wa watu weusi, chati ambayo nyimbo za injili hazikuwa na kawaida ya kuikanyaga.

Simpi sifa zisizo zake. T-Bone Walker naye alikuwa akipiga gitaa la umeme vizuri ajabu, Louis Jordan naye alikuwa na mwendo ule wa kukimbia, na Chuck Berry alijifunza kwa hao. Muziki hauzaliwi na mzazi mmoja. Ninachokataa ni kuona orodha ya wazazi ambayo jina la mama limefutwa.

Maana waliofuata walimjua. Mwaka 1947 mjini Macon, Georgia, palikuwa na kijana wa miaka 14 aliyeuza soda kwenye ukumbi wa mji. Alimwimbia Rosetta nyimbo za Rosetta mwenyewe kabla ya onyesho. Rosetta akampandisha jukwaani usiku ule, kijana akaimba mbele ya watu, kisha Rosetta akampa pesa mkononi. Kijana huyo ni Little Richard. Johnny Cash, siku alipopokewa kwenye jumba la heshima la rock, alimtaja Rosetta miongoni mwa waliomlea kimuziki. Jordanaires, wale Wazungu wanne waliokuja kumwitikia Elvis, walikuwa wameshazunguka na Rosetta kabla. Kwenye safari za kusini yeye, mwenye jina kwenye tangazo, hakuruhusiwa kuingia mgahawani. Wao waliingia, wakamletea chakula kwenye basi.

Na alipendwa jamani. Tarehe 3 Julai 1951 alifunga ndoa yake ya tatu uwanjani, Griffith Stadium mjini Washington, uwanja wa besiboli. Watu zaidi ya 20,000 walikata tiketi kwenda harusini. Alipomaliza kula kiapo alipiga gitaa akiwa ndani ya shela, kisha zikarushwa fataki.

Sasa, mtu wa namna hiyo anasahaulikaje? Jibu rahisi ni kwamba alikuwa mweusi na mwanamke, na ni kweli. Lakini kwa maoni yangu halitoshi, kwa sababu wapo wanawake weusi wa Marekani ambao historia iliwakumbuka vizuri. Rosetta aliangukia katikati. Watu wa kanisa walimtoa kwenye orodha yao kwa sababu aliimba klabu, na mwaka 1942 alirekodi na bendi ya Lucky Millinder wimbo wa kutamani mwanamume mrefu mwembamba. Wimbo huo si wa injili na siutetei. Watu wa rock nao hawakumwingiza kwenye orodha yao kwa sababu aliimba Yesu, na wao walipenda hadithi ya muziki wa uasi, muziki wa vijana waliokimbia kanisa. Kila upande ulimwona ni mali ya upande wa pili. Jumba la heshima la rock lilipopokea wanamuziki wake wa kwanza mwaka 1986 walikuwa majina kumi, wote wanaume, na Little Richard yumo. Rosetta alipokewa mwaka 2018.

Tuna methali yetu, mshika mbili moja humponyoka. Nimeisikia ikihubiriwa kwa wapiga vyombo mara nyingi, chagua madhabahu au chagua ukumbi. Katika mambo mengi methali hiyo ni kweli. Kwa Rosetta si kweli. Hakuacha kuamini, na hakuacha kucharaza. Mikono yake ilishika zote mbili mpaka mwisho, ni watu ndio waliomponyoka.

Namheshimu sana Mahalia Jackson, mwimbaji mkubwa wa injili, aliyekataa katakata kuimba blues hata alipoahidiwa mapesa. Aliishi alichokiamini. Lakini hata yeye alilelewa na santuri za Bessie Smith, malkia wa blues, na unamsikia Bessie pale Mahalia anapovuta neno mpaka likatike. Na angalia uzio ule kati ya kanisa na ukumbi ulivyowatesa wengine. Little Richard aliacha rock mwaka 1957 akiwa kileleni, akaenda kusoma neno kwenye chuo cha Wasabato cha Oakwood, Alabama, akarudi jukwaani miaka michache baadaye, akaishi maisha yake yote akienda na kurudi kama mtu mwenye nyumba mbili zisizosalimiana. Sam Cooke, sauti ya dhahabu ya kundi la injili la Soul Stirrers, alipotoa wimbo wake wa kwanza wa mapenzi mwaka 1956 alijificha kwa jina la Dale Cook. Hakuna aliyedanganyika, sauti ile ingefichwa wapi? Kijana anaficha jina lake mwenyewe kwa kuogopa watu waliompenda. Hilo linaniuma.

Aretha Franklin ndiye aliyepata kurudi bila kuomba radhi. Januari 1972, akiwa malkia wa soul duniani kote, aliingia kanisa la New Temple Missionary Baptist mjini Los Angeles, akarekodi usiku mbili na kwaya ya James Cleveland. Albamu hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Usiku wa pili baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, alisimama akawaambia waliohudhuria kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa. Nikiisikia sauti ya mzee yule huwa namfikiria Rosetta, ambaye sijasikia mchungaji mwenye jina kubwa aliyesimama kumsemea hivyo.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1970 alipata kiharusi, na kisukari kikasababisha akatwe mguu. Aliendelea kupiga. Alifariki Philadelphia tarehe 9 Oktoba 1973 na kuzikwa kwenye makaburi ya Northwood, kaburi lisilo na jiwe. Zaidi ya miaka thelathini mtu angeweza kulikanyaga bila kujua. Mwaka 1998 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake, na kaburi bado halikuwa na alama. Tamasha la kuchangisha jiwe lilifanyika mwaka 2008.

Nayaandika haya kwa sababu uzio ule tunao hapa kwetu, tena mrefu. Mwimbaji wa injili akishirikiana na msanii wa Bongo Fleva, mitandao inawaka. Mpiga gitaa akisaidia bendi ya dansi Jumamosi, Jumapili anawekwa kando au anatengwa kabisa. Wakati huo huo kwaya zetu zinapiga sebene iliyotoka Kinshasa, kwenye kumbi za rumba, na waumini wanainuka kucheza, na hakuna anayeuliza ilikotoka. Nakubali kwamba maneno yapimwe. Maisha ya mwimbaji nayo yapimwe, ndiyo. Lakini waya wa gitaa hauna dhambi, na mdundo hauna ubatizo. Wachungaji na walimu wa kwaya wanaosoma hapa, nawaomba kwa heshima zote: kabla hamjafungia chombo kabatini, msikilizeni Rosetta dakika tatu.

Kwaya yetu ya sasa ina binti anayepiga solo. Juzi baada ya mazoezi nilimwekea ile video ya Manchester kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho bila neno. Kisha akaomba nirudishe pale Rosetta anaponyamaza na gitaa linaitikia, akaisogeza simu karibu na macho, akaiangalia mara tatu.

"Mama, amelityuni vipi? Mbona vidole havijabana kama ninavyobana mimi?"

Nikamweleza kwamba Rosetta alilegeza baadhi ya waya ili gitaa lote lilie kodi moja, yaani sauti zinazopatana, hata likipigwa wazi, na kwamba dole gumba lake lilibeba besi peke yake. Akauliza tunaweza kujaribu sasa hivi. Watu walikuwa wameshaanza kufunga milango. Nikamwambia alitoe gitaa kwenye mfuko.